Alan Turing na Sataranji ya Karatasini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Chama cha Kiswahili, Mackinnon Road

Wahenga walinena kwamba akili ni mali. Naam, hawakukosea. Lakini mali iliyofukiwa chini ya mbuyu, na aliyeifukia hakumwambia mtu, haimfai yeyote siku mwenyewe akifariki. Katika makala haya tutaangalia maisha ya Mwingereza mmoja aliyekuwa na akili nyingi mno, Alan Mathison Turing, na fumbo moja la sataranji lililomshughulisha. Sataranji ni ule mchezo ambao wengi wetu twauita chesi. Tutaona kwamba fumbo laweza kufumbuliwa kwa njia ya werevu mwingi au kwa njia ya wazi, halafu tujiulize ni ipi humfaa mtu anayekuja nyuma.

Utoto na shule

Turing alizaliwa mjini London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko India. Kwa sababu hiyo Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza, wakalelewa na mwanajeshi mmoja mstaafu na mkewe karibu na mji wa Hastings, pwani ya kusini. Wazazi walikuwa wakija na kwenda. Hata hapa kwetu wako wengi waliolelewa na nyanya kwa sababu baba na mama wako kazini mbali, kwa hivyo maisha hayo tunayaelewa.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alitakiwa kuanza masomo katika shule ya Sherborne. Siku alipofika bandari ya Southampton akitoka Ufaransa, alikuta mgomo mkuu wa wafanyakazi nchi nzima. Treni hakuna. Je, alirudi nyumbani? La hasha! Alipanda baiskeli yake, akaendesha karibu kilomita 97, akalala njiani usiku mmoja na kufika shuleni kesho yake. Wanafunzi wa kutwa wenzangu, nyinyi mnaoijua njia ya asubuhi na vumbi lake, mtamwelewa kijana huyu.

Sasa, msidhani kwamba walimu walimpenda papo hapo. Kumbe alikuwa akiwasumbua sana! Mwandiko wake ulikuwa mbaya, daftari limejaa madoa ya wino, na hesabu zake zilikuwa na majibu sahihi lakini njia haionekani. Aliweza kugundua peke yake kanuni ambazo hajafundishwa, kisha akaanguka katika mambo madogo ya darasani kwa kutoyaandika vizuri. Walimu walilalamika katika ripoti zake kwamba anakimbilia hesabu za juu na kuacha msingi, na kwamba kazi yake ni chafu.

Aliyembadilisha hakuwa mwalimu mwenye kiboko. Alikuwa rafiki yake, Christopher Morcom, kijana aliyependa sayansi kama yeye lakini aliyefanya kazi yake kwa unadhifu. Turing alipoiona kazi ya Morcom aliionea haya ya kwake, akaanza kujitahidi kuandika mambo yakaeleweka. Kwa bahati mbaya Morcom alifariki Februari 1930 kwa kifua kikuu. Turing alihuzunika sana, akaona ni wajibu wake kuifanya ile kazi ya sayansi ambayo rafiki yake hakujaliwa kuifanya.

Mashine ya kufikirika

Mwaka 1931 aliingia chuo cha King's, Cambridge. Mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 23 tu, aliandika makala ya hisabati ambayo leo huhesabiwa kuwa mojawapo ya misingi ya tarakilishi, yaani kompyuta. Wakati huo Waingereza wakisema kompyuta walikuwa na maana ya mtu, karani anayelipwa kupiga hesabu siku nzima.

Turing aliwaza hivi: karani huyo hufanya nini hasa? Huangalia tarakimu moja, hukumbuka yuko katika hatua gani, huandika au hufuta, kisha husogea kwenye tarakimu nyingine. Basi akabuni mashine ya kufikirika yenye utepe mrefu uliogawanywa vyumba vyumba, ambayo husoma chumba kimoja, huandika au hufuta, na kusogea kushoto au kulia. Alionyesha kwamba hesabu yoyote ambayo karani aweza kuifanya kwa kufuata maagizo, mashine hiyo nayo yaweza.

Hebu tusimame hapa kidogo. Ukitaka mashine ifanye kazi, ni lazima uivunje kazi hiyo iwe hatua ndogo ndogo, kila hatua wazi kabisa, mpaka mfuataji asihitaji akili yoyote. Werevu wote unabaki kwa mwandishi wa maagizo. Jambo hilo ndilo litakalotupeleka kwenye sataranji.

Vita, na kazi iliyofika hadi Kilindini

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Turing aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri ambapo Waingereza walikuwa wakifumbua barua za Wajerumani. Wajerumani waliandika kwa mashine iliyoitwa Enigma, ambayo ilikuwa na njia zaidi ya milioni milioni milioni 150 za kutegwa. Wanahisabati wa Poland walikuwa wametangulia kuifumbua kabla ya vita. Turing aliendeleza kazi yao, akabuni mashine ya kuondoa haraka njia zisizowezekana. Ujumbe wa manowari za Kijerumani, zilizokuwa zikizamisha meli za chakula, ulianza kusomeka.

Kazi ya namna hiyo ilifika hata pwani yetu. Mwaka 1942 wafumbuaji wa Kiingereza waliokuwa Colombo walihamishiwa Mombasa, wakakaa Kilindini, katika majengo ya shule ya Alidina Visram. Hapo waliuvunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Kijapani. Turing hakuwa miongoni mwao, ila walikuwa ndugu zake wa kazi. Kwa hivyo mkipita shule ile mkienda mjini, mjue kwamba darasani humo kulikuwa na watu wanaokuna vichwa juu ya mafumbo mazito.

Bletchley palijaa wachezaji wa sataranji. Hugh Alexander, bingwa wa Uingereza wa mwaka 1938, alikuwa msaidizi wa Turing na baadaye akashika uongozi wa kitengo chake. Stuart Milner-Barry naye alikuwa mchezaji mashuhuri. Turing mwenyewe, bwana, alikuwa mchezaji wa kawaida tu, wa kushindwa! Lakini yeye hakutaka sana kushinda. Alitaka kujua mchezaji hufikiri vipi, na kama fikira hizo zaweza kuandikwa.

Fumbo lenyewe

Fumbo lilikuwa hili: je, yawezekana kuandika maagizo yatakayoiwezesha mashine isiyojua lolote kucheza sataranji?

Wanafunzi wa hisabati, hebu tupige hesabu. Tuseme kila mchezaji akifika zamu yake ana njia 30 za kusogeza kete. Hatua yako moja na jibu moja la mwenzako ni 30 mara 30, yaani 900. Ukitaka kuona hatua zako mbili na majibu yake mawili, unafika 810,000. Hapo bado mchezo haujachangamka. Mtu atakayejaribu kuandika kila kitu karatasini atazeeka kabla ya kumaliza.

Kulikuwa na njia mbili za kulikabili fumbo hili, na zote mbili zilijaribiwa mjini Manchester, ambako Turing alihamia mwaka 1948.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Dietrich Prinz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi na kampuni ya Ferranti. Yeye alilipunguza swali. Hakutaka mchezo mzima, alitaka mashine ifumbue yale mafumbo madogo ambapo mfalme wa adui hufungwa kwa hatua mbili. Maagizo yake kwa maneno yetu ni haya: jaribu kila hatua yako ya kwanza; kwa kila moja, jaribu kila jibu la adui; kwa kila jibu, tafuta hatua yako ya pili inayomfunga mfalme. Kama kila jibu la adui lina hatua ya kumfunga, hatua yako ya kwanza ndiyo jawabu. Kwisha! Aliacha hata baadhi ya sheria, kwa mfano askari wake hawakuruhusiwa kuruka vyumba viwili mwanzoni wala kugeuka malkia mwishoni. Mnamo Novemba 1951 mashine ya Manchester ilifumbua fumbo kwa njia hii kwa muda wa dakika 15 hivi. Njia haina werevu wowote. Ni kama mtu aliyepoteza ufunguo akapekua kila chumba, mmoja baada ya mwingine. Lakini hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuisoma na kuamini kwamba jawabu halitapita bila kuonekana.

Njia ya pili ilikuwa ya Turing na rafiki yake, mwanauchumi David Champernowne, waliyoianza mwaka 1948. Hii ilitaka kucheza mchezo mzima, kwa hivyo haikuweza kupekua kila chumba. Kwanza kila kete ilipewa thamani: askari mdogo 1, farasi 3, askofu 3 na nusu, ngome 5, malkia 10. Kisha mfuataji aliangalia kila hatua yake na kila jibu la adui. Baada ya hapo hakuendelea na njia zote. Aliendelea na zile tu zenye mapambano, kama kula kete au kulipiza, mpaka ubao utulie. Ubao ukitulia, alihesabu thamani za kete zilizobaki pande zote mbili na kuchagua hatua yenye faida. Hatua zikilingana, aliangalia mambo madogo, kwa mfano kete hii ina vyumba vingapi vya kwenda, akachukua kipeuo cha pili cha idadi hiyo.

Mnaona werevu huo? Penye vurugu, tazama mbali. Penye utulivu, usipoteze wakati. Hata mtu mzima akicheza hufanya vivyo hivyo bila kujua.

Karatasi yacheza dhidi ya mtu

Turing alianza kuyaweka maagizo hayo katika mashine ya Manchester lakini hakumaliza. Basi akafanya jambo la ajabu: yeye mwenyewe akawa mashine! Mwaka 1952 aliketi na mwenzake, Alick Glennie, akicheza kwa kufuata karatasi. Hakuruhusiwa kutumia akili yake, alifuata maagizo tu na kupiga hesabu kwa kalamu. Kila hatua ilichukua karibu nusu saa. Karatasi ilishindwa katika hatua ya 29. Hata hivyo ilicheza kweli, na inasemekana hapo awali iliwahi kumshinda mke wa Champernowne, aliyekuwa bado anajifunza.

Huyo Glennie, mshindi wa karatasi, ana nafasi yake katika kisa chetu. Mashine ya Manchester ilipokea maagizo kwa alama 32 za mashine ya simu ya maandishi. Alama ya mkwaju ilisimama badala ya sufuri, na tarakimu ziliandikwa kinyumenyume, kama mtu aandike 1963 hivi: 3691. Turing ndiye aliyeandika kitabu cha maagizo ya mashine hiyo. Yeye aliyasoma mambo hayo kama sisi tunavyosoma gazeti, basi akaona wengine nao wataweza tu. Wengine walihangaika! Glennie aliona mateso hayo hayana maana. Mwaka huohuo wa 1952 alitengeneza programu ya kumsaidia mwandishi: wewe unaandika kwa namna iliyokaribia aljebra, mashine yenyewe inageuza kuwa alama zake. Mwaka 1954 Tony Brooker alitengeneza nyingine iliyo rahisi zaidi, na watu wengi wakaitumia.

Ajabu ni kwamba Turing alikuwa ameijua dawa ya ugonjwa huu kabla yao. Mwaka 1949, mjini Cambridge, alitoa mhadhara kuhusu jinsi ya kukagua programu ndefu. Alitumia mfano wa kujumlisha. Tuchukue mfano wetu: 478 na 356 na 289. Nikikuandikia tu kwamba jawabu ni 1123, itakubidi uanze upya ili uhakikishe. Lakini nikikuonyesha kwamba mamoja ni 23, naandika 3 nabeba 2. Makumi pamoja na ile 2 ni 22, naandika 2 nabeba 2. Mamia pamoja na ile 2 ni 11. Basi utakagua kila safu peke yake, hata safu moja waweza kumpa mwenzako. Turing alisema programu nayo ifanywe hivyo. Mwandishi aweke, katika sehemu mbalimbali, maelezo ya mambo ambayo ni lazima yawe kweli programu ikifika hapo, ili mkaguzi asihitaji kuubeba mzigo wote kichwani kwa mara moja.

Kwa hivyo ndani ya mtu mmoja kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni yule mvulana wa Sherborne anayerukia jawabu na kudhani kila mtu anaona anachokiona. Wa pili ni rafiki wa Morcom, anayejua kwamba kazi isiyosomeka haijakamilika.

Mwisho wake

Mwisho wa Turing unasikitisha. Mwaka 1952 alishtakiwa na kuhukumiwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza wakati huo. Badala ya kufungwa gerezani alikubali kutiwa dawa za homoni, na akanyimwa ruhusa ya kuendelea na kazi za siri za serikali. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 nyumbani kwake Wilmslow kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi wa serikali uliamua kwamba alijiua. Kazi yake ya vita ilikuwa bado siri. Mama yake aliandika kitabu cha maisha ya mwanawe mwaka 1959 bila kuweza kueleza Alan alifanya nini Bletchley. Ni katika miaka ya 1970 ndipo watu walipoanza kujua. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, mwaka 2013 akapewa msamaha wa kifalme, na mwaka 2021 sura yake ikatiwa katika noti ya pauni 50.

Na ile karatasi je? Maagizo yake ya sataranji yalichapishwa mwaka 1953, yakiwa yameandikwa kwa sentensi za kawaida, si kwa alama 32 za kinyumenyume. Kwa sababu hiyo watu wa kizazi kingine waliweza kuyasoma na kuyatia katika kompyuta za kisasa. Mwaka 2012, miaka 100 tangu Turing azaliwe, Garry Kasparov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alicheza na programu hiyo mjini Manchester. Alishinda kwa hatua 16, lakini karatasi ilipata heshima yake.

Jambo moja liliwatatiza waliofanya kazi hiyo. Waliulinganisha mchezo wa 1952 na maagizo, wakaona katika hatua kadhaa havipatani. Inaaminika Turing alichoka kupiga hesabu zote na mahali pengine akakata njia kwa kukisia. Palipoandikwa wazi, twaweza kumfuata hadi leo. Pale alipotumia werevu wa kichwani bila kuandika, amebaki peke yake.

Tufanyeje sisi?

Ndugu msomaji, mimi siwatukani werevu. Njia ya Prinz ni wazi lakini haiwezi mchezo mzima; bila werevu wa Turing tusingefika popote. Ninachosema ni kwamba werevu ni nusu ya kazi. Mtu anayejua kijia cha wachungaji hufika Kinango mapema, lakini mgeni akimuuliza, ni afadhali amwelekeze barabara: shika njia ya Mombasa, ukifika Samburu ingia kulia. Mgeni atafika. Akielekezwa kijia cha mkato kwa maneno mawili, atalala porini na ndovu.

Katika hesabu zetu za darasani ni vivyo hivyo. Jibu bila njia humfurahisha mwandishi peke yake, na mtahini naye hawezi kutoa alama kwa kitu asichokiona.

Na tusiseme sataranji ni ya wageni. Tuna bao letu, mashimo 32 na kete 64, idadi sawa na vyumba vya ubao wa sataranji. Wazee wetu wanalicheza kwa werevu ambao ukiutazama utashangaa, lakini mwingi uko vichwani tu, na kila mwaka tunazika sehemu yake. Ningependa Chama chetu kiandike kanuni za bao, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili chepesi, kisha tumpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ambaye hajawahi kulicheza. Asiulize swali hata moja, afuate karatasi tu, acheze na mzee mmoja wa hapa. Akishindwa si neno, hata karatasi ya Turing ilishindwa. Ila akikwama katikati bila kujua afanye nini, kosa litakuwa letu sisi tulioandika, na itatubidi tuandike upya.